Chagua Utakapokatikia: Mhadhara Kuhusu Uzi wa Kuvulia, Kutoka Malambo ya Shinyanga Hadi Rubondo



Hapo mlangoni mzee mmoja kaniuliza kama kweli uzi wa kuvulia una maneno ya kujaza jioni nzima. Unayo, mzee wangu, na mengine yatabaki. Mkoa huu wa Geita umekalia dhahabu, lakini upande wake wa kaskazini ni maji: Nungwe, Nkome, Mganza, Kasenda, Chato, na ghuba ile ambayo hadi leo inaitwa Emin Pasha. Hakuna asiyemjua kijana ambaye duara la dhahabu likikauka hushuka ziwani, na mwezi ukiwa mkali, wavuvi wa dagaa wakipumzisha taa zao, hurudi Nyarugusu au Rwamagasa kujaribu bahati. Kijana huyo anazijua kamba, kwa sababu uhai wake umewahi kuning'inia kwenye kamba. Lakini mpe fimbo ya kuvulia yenye riili, mtume Katoro akanunue uzi, naye atasema lile ambalo karibu kila mteja husema: "Nipe ule usiokatika."

Uzi huo haupo, na ungekuwapo usingemfaa. Kati ya mkono wa mvuvi na samaki kuna vitu vingi: fimbo, riili, uzi, fundo, kipande cha uzi wa mbele, ndoana, na mwisho kabisa nyama ya mdomo wa samaki mwenyewe. Mzigo ukizidi, kimojawapo kitaachia. Uzi ukiwa mgumu kuliko vyote, kitakachovunjika ni fimbo, au ndoana itanyooka, au mdomo utachanika, au jiwe la chini ya maji litashika chambo na mtumbwi utabaki umefungwa pale mpaka mtu atoe kisu. Kuchagua uzi ni kuamua ukiwa bado nchi kavu kwamba mambo yakiharibika, patakatika hapa na si pale. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Yaliyobaki ni maelezo.

Wavuvi wetu wa migonzo, ile mitego ya uzi mrefu wenye ndoana nyingi, wanalijua hili tangu zamani, ingawa hawalitangazi. Tazameni migonzo ikiwa imekunjwa kwenye beseni mwaloni. Uzi mkuu ni mnene, wa nailoni iliyosokotwa. Matawi yanayoning'inia kutoka kwake, yenye ndoana na chambo cha furu au kambare mdogo aliye hai, ni membamba zaidi. Mgeni anaweza kudhani ni kubana matumizi. Hapana. Ndoana moja ikinasa kwenye gogo au mwamba wakati wa kuvuta, tawi lake linakatika na ndoana moja inapotea. Kama matawi yangekuwa na nguvu sawa na uzi mkuu, mwamba mmoja ungeondoka na mtego mzima na samaki wote walioshikwa upande wa pili.

Nao uzi huo mkuu huuzwa kwa namba ambazo wengi husoma bila kuuliza. Ukiona 210/36, ile 210 ni denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi mmoja mwembamba, na 36 ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja. Namba inakwambia umepewa nailoni kiasi gani. Haikwambii imekaa juani muda gani kwenye kibaraza cha duka, na hilo nitalirudia.

Historia nitaipita haraka. Kabla ya nailoni watu walivua kwa nyuzi za mimea. Nyavu za kitani ziliingia Ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, mwaka 1905, na pamba nayo ilisokotwa kuwa mishipi. Ninyi wa Shinyanga mliokulia kwenye mashamba ya pamba mnajua tabia yake: ikilowa bila kukaushwa inaoza. Uzi wa pamba ulidai kuanikwa kila siku, na mvuvi mvivu alijulikana kwa uzi wake. Kisha mwaka 1935 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont ya Marekani walitengeneza nailoni, na baada ya vita vya pili vya dunia ikaenea kwenye maziwa na bahari zote. Haiozi. Ndiyo sifa yake, na ndiyo dhambi yake pia.

Leo madukani kuna nyuzi za namna tatu kwa mwenye fimbo, na nitasema tabia za kila moja kabla ya kuzipeleka majini.

Ya kwanza ni nailoni ya uzi mmoja, ile inayong'aa kama ukucha. Ni ya bei nafuu, na ukiivuta inanyumbuka hata robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Huzama polepole. Inanywa maji, na ikilowa inapoteza sehemu ya nguvu zake. Inakumbuka umbo la gurudumu ililokunjiwa, kwa hiyo ikikaa muda mrefu hutoka na mikunjo. Jua linaiua taratibu bila kuonyesha jeraha.

Ya pili ni uzi uliosukwa, kutokana na nyuzi nyembamba sana za polithini ya aina ya pekee. Waholanzi huiita Dyneema na Wamarekani huiita Spectra, na ndiyo inayotumika pia kwenye fulana za kuzuia risasi. Iliingia kwenye uvuvi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hainyumbuki karibu kabisa, inaelea, na ni nyembamba ajabu: uzi uliosukwa wa pauni 30 una unene wa nailoni ya pauni 8 hivi. Ubaya wake ni kwamba ukisuguliwa kwenye jiwe huku umekazwa, unakatika mara moja, na fundo lililofungwa ovyo huteleza likafunguka.

Ya tatu ni fluorokaboni, iliyoletwa na kampuni ya Kureha ya Japani mwaka 1971. Ni nzito kuliko maji kwa karibu mara moja na robo tatu, hivyo inazama. Inastahimili kusuguliwa. Inapindisha mwanga kwa kiasi kilicho karibu na maji kuliko nailoni, kwa hiyo samaki huiona kwa shida zaidi. Ni ghali, na sifa yake ya kutoonekana ndiyo inayouzwa zaidi. Huko mbele nitawaambia kwa nini katika maji yetu sifa hiyo ni ya kulipia kwa tahadhari.

Sasa fimbo. Chukua fimbo yoyote ya dukani, soma maandishi madogo juu ya mpini. Utakuta mambo mawili: uzi wa pauni ngapi hadi ngapi, na chambo cha gramu ngapi hadi ngapi. Mengi ya makosa yanatoka kwa kuyapuuza maandishi hayo. Fimbo ya pauni 8 hadi 15 ukiiwekea uzi uliosukwa wa pauni 60 kwa sababu "unaingia," umeifanya fimbo kuwa ndicho kitu kitakachovunjika, na fimbo ndiyo ghali kuliko vyote. Fimbo laini inayopinda hadi karibu na mpini husaidiana vizuri na uzi usionyumbuka, maana fimbo ndiyo itakayomeza mshtuko. Fimbo ngumu yenye nailoni nayo ni sawa, kwa kuwa uzi unanyumbuka. Fimbo ngumu kama mti, uzi usionyumbuka, na breki ya riili iliyokazwa mpaka mwisho: hapo hakuna kilichobaki cha kunyumbuka isipokuwa mdomo wa samaki.

Breki hiyo ya riili ndiyo inayotenganisha fimbo na mshipi wa mkono. Ni vibao vidogo vinavyosuguana ndani ya riili, na ukivikaza kwa kiasi, samaki akivuta kwa nguvu uzi hutoka badala ya kukatika. Kanuni ya wavuvi wa fimbo ni kuikaza kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa pauni 30, breki iachie kwenye pauni 8 hadi 10. Pima kwa mizani ya ndoano, ile ile wanayopimia samaki mwaloni: funga uzi, vuta fimbo, soma inapoanza kuachia. Mizani ya samaki kila mtu anayo, na sijui kwa nini haitumiki kwa kazi hii.

Mwenye mshipi wa mkono hana breki hiyo. Mkono wake ndio breki, na mkono una ngozi. Kwa hiyo akichagua nailoni nene, nene kuliko samaki anayemtafuta, ana haki. Anachagua unene wa kushika kuliko nguvu ya kuvuta. Uzi uliosukwa wa pauni 30 mkononi mwa mtu asiye na glavu, samaki mkubwa akiwa upande wa pili, hupasua kidole mpaka mfupani. Wako vijana waliouza nailoni zao nene wakanunua uzi uliosukwa kwa sababu waliuona kwa mgeni mwenye fimbo. Mgeni alikuwa na riili.

Twende sasa Rubondo, maana ndiko jambo hili lilikokomaa katika mkoa wetu. Kisiwa cha Rubondo na vile vidogo vinavyokizunguka ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Uvuvi wa biashara umepigwa marufuku ndani ya maji yake, na samaki huzaliana na kukua humo. Mgeni anaweza kuvua kwa fimbo kwa kibali cha hifadhi, akampiga picha sangara na kumrudisha. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na habari ya furu waliotoweka baada yake tunaijua. Lakini kwa mwenye fimbo, hapa Afrika ya Mashariki hakuna samaki wa maji baridi anayemzidi kwa ukubwa na nguvu. Rekodi ya dunia ya sangara kwa fimbo ni kilo 104, aliyepatikana mwaka 2000 katika bwawa la Nasser, Misri.

Kwa samaki wa namna hiyo mashua hutembea taratibu kandokando ya mawe ikikokota chambo cha bandia, kisamaki cha mbao au plastiki chenye mdomo wa kibapa unaokifanya kizame na kutikisika. Na hapa kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa mara nyingi kwenye mashua zetu: uzi unaamua chambo kitazama kiasi gani. Kila sentimita ya uzi iliyo majini inasukumwa na maji, na uzi mnene unasukumwa zaidi, kwa hiyo unakivuta chambo juu. Maandishi ya kwenye boksi kwamba chambo kinazama mita 6 yana maana ya uzi fulani na urefu fulani nyuma ya mashua. Weka uzi mnene maradufu, nacho kitapita juu ya vichwa vya sangara huku wewe ukilaumu chambo. Ukibadilisha nailoni nene kwa uzi uliosukwa wenye nguvu ile ile, chambo hicho hicho kitazama zaidi, pengine kikwame kwenye miamba ambayo jana kilipita juu yake. Kila ubadilishapo uzi, umebadilisha na chambo.

Kwa kukokota, mimi napendelea nailoni ya pauni 30 au 40 kwenye riili, na wenzangu wanaopenda vifaa vipya hawakubaliani nami. Hoja yangu ni hii. Mashua inakwenda, sangara anakuja upande mwingine, anafumba mdomo. Mshtuko wa pale ni mkubwa, na nailoni iliyonyooka mita 40 nyuma ya mashua inaumeza kwa kunyumbuka. Uzi uliosukwa unaupeleka wote kwenye ndoana. Mtu akitaka uzi uliosukwa, basi pauni 50 au 65, breki ilegezwe, na fimbo iwe laini.

Kwa kurusha kutoka kwenye miamba ya ufukweni mambo yanageuka. Hapo uzi uliosukwa ndio bora bila ubishi: ni mwembamba hivyo unafika mbali, na kwa kuwa haunyumbuki, mkono unasikia kila kitu. Sangara mara nyingi anagonga chambo mara moja kisha anatema. Kwa nailoni ya mita 50 pigo hilo linaufikia mkono likiwa limechoka. Pauni 30 hadi 50 inatosha.

Kwa yote mawili, mbele ya chambo iwepo mita moja na nusu au mbili za uzi mwingine, nailoni au fluorokaboni ya pauni 80 hadi 100. Hapa kijana atanikatiza: si umesema usiwe mgumu kuliko vyote? Kweli. Lakini kipande hiki hakikuwekwa kwa ajili ya kuvuta. Kimewekwa kwa ajili ya kusuguliwa. Sangara hana meno ya kukata. Mdomo wake una ngozi ngumu ya kukwaruza, na ukingo wa mfuniko wa mashavu yake ni mkali. Tena anaishi kati ya mawe. Uzi mwembamba ukipita kwenye mdomo ule kwa dakika kumi, unalika. Kipande cha mbele kinene kinalika nje, ndani kinabaki. Mahali pa kukatikia panabaki pale kinapounganishwa na uzi wa riili, na pale nitarudi mwishoni. Wenzetu wa Rufiji na Malagarasi wana samaki mwingine, yule mwenye meno marefu yanayopishana nje ya mdomo. Kwake hata nailoni ya pauni 100 ni bure, anatakiwa waya.

Kuna wanaosema chambo cha bandia ni mchezo wa watalii. Lauri Rapala, ambaye jina lake limeandikwa kwenye boksi nyingi za chambo duniani, alikuwa mvuvi maskini wa Ufini aliyetega nyuzi ndefu zenye ndoana nyingi, kazi ile ile ya migonzo. Kutafuta chambo cha kila ndoana kulimchosha. Mwaka 1936 akachonga kisamaki cha gome la mti, akakivika karatasi ya kung'aa iliyofungiwa chokoleti. Alikuwa anatafuta riziki.

Nimeahidi kusema juu ya fluorokaboni na kutoonekana. Maji ya ghuba zetu si maji ya Mafia. Yana ukijani wa mwani, na baada ya mvua yana udongo. Katika maji ambayo huwezi kuona mkono wako ukiuzamisha hadi begani, uzi usioonekana unamficha nani? Lipieni fluorokaboni kwa ugumu wake dhidi ya mawe, tena kwa kipande cha mbele tu. Kujaza riili nzima kwa fluorokaboni huku Geita ni kutupa fedha. Mwenye kuvua maji maangavu ya Ziwa Tanganyika ana hesabu nyingine.

Wa Shinyanga, msidhani nimewasahau. Ninyi hamna ziwa, mna malambo, mabwawa kama la Songwa kule karibu na Mwadui, na mito ya msimu inayoacha madimbwi ambamo kambare na kamongo hujificha. Maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kambare hatafuti chakula kwa macho. Anakisikia kwa ndevu na kwa harufu. Kwa hiyo rangi ya uzi na wembamba wake havimhusu hata kidogo. Kinachohusika ni majani na matope: akishika ndoana anajizungusha, anazama kwenye mizizi. Ufito usio na riili hauna uzi wa ziada wa kumwachia, hivyo nailoni ya pauni 20 hadi 30 si nyingi, hata kwa kambare wa kilo mbili. Kwa mwenye riili ndogo, pauni 12 hadi 15 inatosha na inarusha vizuri. Kamongo ni habari tofauti. Ana mabamba ya meno yanayokata, na aliyewahi kumtoa ndoana kwa vidole hasahau. Funga kipande kifupi cha waya, au uzi mnene uliosokotwa.

Niliona bwawani watoto wakivuta utepe kutoka kwenye mfuko wa salfeti, ule mfuko wa plastiki uliofumwa, wakiuviringisha kwenye paja mpaka ukawa uzi. Utepe mmoja, mate kidogo, kiganja kinakwenda mbele, paja linakuwa jekundu, uzi unatoka mviringo na mgumu. Si vibaya kabisa. Plastiki ile inaelea, hivyo haizami kwenye matope, na fundo linashika kwa kuwa ina ukwaruzo. Adui yake ni jua: salfeti iliyokaa nje msimu mmoja inapukutika vumbi mkononi. Mtoto achukue salfeti mpya ya mbolea, aioshe vizuri sana kwanza, na uzi wake utamtoa kambare wa mboga.

Lakini watoto hao hao walikuwa na chubwi za risasi zilizoyeyushwa kutoka kwenye betri ya gari, tena kwenye kopo juu ya mafiga. Hapa nasimama kidogo. Ukanda huu umeambiwa miaka mingi kuhusu moshi wa zebaki kwenye uchenjuaji wa dhahabu, na bado tunaendelea kuyeyusha risasi jikoni. Vumbi na moshi wa risasi huharibu ubongo wa mtoto. Chubwi inaweza kuwa jiwe lenye shingo, au nati ya boliti iliyochakaa, na gereji zimejaa nati. Ifungeni kwa uzi mwembamba kuliko ule wa ndoana, hata uzi wa cherehani. Nati ikinasa kwenye mizizi, uzi wa cherehani utakatika, nati itabaki, samaki atakuja. Nati haina bei. Ni hoja ile ile ya migonzo.

Sasa fundo, na naomba utulivu, kwa sababu uzi mwingi unaolaumiwa haukukatika. Fundo ndilo lililokatika. Fundo la kawaida, lile moja tu la kufungia mzigo, linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya nailoni, kwa sababu uzi unajibana na kujikata wenyewe. Ndiyo maana kifundo kinachojifunga chenyewe wakati wa kurusha ni hatari, na ukikiona ukate uzi hapo hapo. Fundo ninalowafundisha wanaoanza ni hili. Kunja uzi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo moja lililolegea kwa uzi huo wa mara mbili, halafu pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Kabla ya kukaza, weka mate. Usiruke hatua hii. Nailoni ikijisugua wakati wa kukazwa hupata joto, na joto linalainisha uzi pale pale unapohitaji nguvu. Kaza taratibu, kwa mvuto mmoja mrefu. Uzi uliokunjamana kandokando ya fundo, kama nywele zilizounguzwa, umeungua tayari. Kata ufunge upya. Fundo hili linashika nailoni na linashika uzi uliosukwa pia. Ukipeleka uzi uliosukwa kwenye riili, anza na mita kadhaa za nailoni chini yake, la sivyo uzi wote utateleza na kuzunguka juu ya gurudumu kama umelegea, na utadhani breki imeharibika.

Kuhusu kununua. Uzi wa nailoni ulioning'inizwa mbele ya duka, juani, usinunuliwe hata ukipunguziwa bei. Omba ulio ndani ya boksi. Vuta kipande cha mkono mmoja, pitisha kati ya kucha mbili. Ukisikia ukwaruzo, rudisha. Funga fundo moja katikati, vuta kwa ghafla. Ukikatika bila kunyumbuka, umekufa.

Kuna swali nililitarajia: kama nailoni ya uzi mmoja ni halali kwenye fimbo, kwa nini timba, yaani nyavu za nailoni hiyo hiyo, ni haramu? Nyenzo ni ile ile. Kwenye nyavu, nailoni ya uzi mmoja ni rahisi, haionekani, inachanika upesi na kutupwa upesi, na wavu uliopotea majini unaendelea kuua samaki bila mwenyewe. Ndiyo maana kanuni za uvuvi zimezikataza, na wakati wa Operesheni Sangara mwaka 2018 zilichomwa hadharani katika mialo mingi. Mwenye fimbo asijione msafi kwa hilo. Mita 60 za nailoni zilizoachwa kwenye mwamba ni timba ya jicho moja. Mnandi akitumbukia humo hatoki, wala fisi-maji wa Rubondo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba uzi huo unaweza kudumu majini kwa miaka 600.

Na wembamba nao una mipaka yake. Wapo wanaojivunia kumchosha sangara mkubwa kwa uzi wa pauni 10. Samaki anayepigana nusu saa katika maji ya joto huja juu akiwa amekwisha. Ukimrudisha anapinduka tumbo. Kama nia ni kumrudisha, vua kwa uzi wa kumleta haraka. Na aliye chini ya sentimita 50 anarudi kwa vyovyote, iwe Rubondo au mwaloni, sheria ndivyo ilivyo.

Nimalizie na pale nilipoahidi, chambo kinaponasa chini. Usivute kwa fimbo, itavunjika. Usizungushie uzi mkononi, hasa uliosukwa, utapoteza kidole. Sogeza mashua mpaka uwe juu kabisa ya chambo, jaribu kukitoa kutoka upande kilikotokea. Ikishindikana, zungushia uzi kwenye kipande cha mti mara tano au sita, shika mti kwa mikono miwili, elekeza uzi moja kwa moja, rudi nyuma polepole. Kama umefuata niliyoyasema, yaani uzi wa riili una pauni 40, kipande cha mbele pauni 80, na fundo linaloviunganisha ndilo dhaifu kuliko vyote, patakatika kwenye fundo hilo. Uzi wote utarudi kwenye gurudumu. Chini kitabaki chambo kimoja na mita mbili za nailoni, na kama maji ni ya kina cha mtu, mwenye kifua cha kupiga mbizi anaweza kuvifuata.